Tusimpime Mja kwa Lafudhi Yake

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nimeutumia msemo huu kwa miaka mingi nikifundisha isimu chuoni, na kila mara niliuchukulia kuwa onyo kwa mtu mwenye matusi, uchochezi au ahadi za uongo. Haikunipitikia kamwe kwamba mtu anaweza kujikwaa ulimi huku akitamka kila neno sawasawa, kwa upole, na kwa nia njema ya kumfunza mwenziwe. Hilo nililifahamu Lunga Lunga, na mwenye kujikwaa nilikuwa mimi.

Msomaji asiyeifahamu sehemu hiyo ataniwia radhi nikimweleza kidogo. Anayetoka Mombasa huvuka kivuko cha Likoni, akapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, hata barabara ikamfikisha Lunga Lunga, mji wa Kenya ulio karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo ni Horohoro, na mbele yake Tanga. Hapo malori husimama foleni, na abiria hushuka mabasini hati zao zikiwa mkononi. Msikilizaji makini akikaa sokoni saa moja tu atasikia Kidigo, Kiduruma, Kikamba, Kiswahili cha Tanga, Kiswahili cha Mombasa, na Kivumba cha watu wa Vanga na Wasini. Kwa mtu wa kazi yangu, mahali kama hapo ni shamba lililoiva. Nilikwenda huko miaka michache iliyopita na wanafunzi wangu ili tusikilize jinsi watu wa mpakani wanavyosema.

Jumapili iliponikuta huko, niliingia katika kanisa dogo lililokuwa jirani. Mvulana wa umri wa miaka kama 12 hivi aliitwa kusoma somo la siku, nalo lilikuwa lile la Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Alikuwa mtoto wa Kiduruma, na Kiswahili chake kilikuwa na harufu ya nyumbani kwao. Palipoandikwa 'watu' alisoma 'atu', na palipoandikwa 'kitu' alisoma 'chitu'. Vijana waliokaa nyuma wakaanza kucheka chinichini, kisha kicheko kikapanda. Mtoto alisita, akameza mate, akamaliza kusoma macho yakiwa sakafuni.

Mimi sikucheka. Nilifanya jambo ambalo leo naliona kuwa baya zaidi. Ibada ilipokwisha nilimwita pale uani, wazee na vijana wakitazama, nikamfunza namna ya kutamka ki- na wa- kama Kiswahili sanifu kinavyotaka. Nilimtaka arudie mara tatu. Alirudia. Nikampigapiga begani, nikajiona nimetenda wema.

Bibi yake alikuwa amesimama kando. Alinisubiri nimalize, akaniambia kwa sauti ya chini: 'Mwanangu, wewe ni mwalimu, nami sikusoma. Lakini mtoto huyu ameukariri ukurasa ule wiki nzima, usiku kwa taa. Umesikia alivyosema. Je, ulisikia alichosema?'

Sikuwa na jibu. Kwa hakika, lau angeniuliza somo lile lilihusu nini, ningejibu kwa kumbukumbu za utotoni, wala si kwa kumsikiliza mjukuu wake. Katika somo lile, kuhani na Mlawi walimwona majeruhi kando ya njia wakapita, kila mmoja akiwa na shughuli yake ya heshima. Mimi nami nilikuwa na yangu, nayo ilikuwa sarufi.

Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba mimi ni mzaliwa wa bara. Nilipofika Pwani mara ya kwanza kwa masomo, nilizichanganya 'r' na 'l' bila kujijua, na wenzangu walinicheka hata nikaogopa kuinua mkono darasani. Alikuwako mwalimu mmoja aliyenivumilia, akanirekebisha faraghani na kwa mzaha usiouma, nami nikapona. Yesu alisimulia habari za mtumishi aliyesamehewa deni kubwa mno na bwana wake, akatoka nje, akamkaba koo mtumishi mwenziwe aliyemwia deni dogo. Nimehubiriwa kisa hicho mara nyingi, nami kila mara nilimshangaa mtumishi yule. Kumbe nyani haoni kundule.

Nimejiuliza tangu siku ile kwa nini Biblia, kitabu chenye mambo mazito ya uzima na mauti, kimeweka nafasi kwa habari za lafudhi. Mfano wa kwanza unapatikana katika Waamuzi mlango wa 12. Wagileadi, chini ya Yeftha, walipigana na Waefraimu, ambao walikuwa ndugu zao wa taifa moja. Wagileadi wakaviteka vivuko vya Yordani. Kila mtoro aliyetaka kuvuka aliulizwa kama ni Mwefraimu, na akikana aliamriwa atamke neno 'Shibolethi'. Waefraimu hawakuweza kuitamka sauti ya mwanzo ipasavyo. Wao walisema 'Sibolethi'. Aliyekosea alichinjwa pale pale kivukoni. Maandiko yanasema kwamba waliouawa wakati ule walikuwa 42,000.

Ninyi wanafunzi wa isimu mtaona mara moja kwamba tofauti iliyowaua watu wale ilikuwa ndogo kuliko ile iliyoko kati ya 'kitu' na 'chitu'. Lakini mkitazama vema mtaona jambo jingine: neno lile halikuulizwa kwa sababu ya maana yake. Hakuna aliyejali maana. Mtu alitakiwa aseme ili asisikilizwe. Hilo ndilo pigo kuu linaloweza kuipata lugha, nalo huja pale tunapoligeuza neno la jirani kuwa alama ya kumtenga.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya kale. Mwezi wa Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikaenea hadi sehemu za Kwale. Waliolengwa ni watu waliotoka bara, hata waliokuwa wameishi Pwani miaka na mikaka. Watu wapatao 100 walipoteza maisha na maelfu wakayahama makazi yao. Miaka kumi baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vizuizi viliwekwa barabarani katika sehemu kadhaa za nchi yetu, na wasafiri wakapekuliwa ili ijulikane ni wa kabila gani. Waliouawa katika vurugu hizo walikuwa zaidi ya 1,100. Tulikuwa na Yordani yetu, na vivuko vyetu, na walinzi wetu wenye mapanga.

Sitaki kudai kwamba kijana anayemcheka mwenziwe kanisani ni muuaji. Nasema tu kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mtu hajifunzi siku moja, penye kizuizi, kuitumia lafudhi kumtenga mwanadamu mwenziwe. Alianza kujifunza mapema, kwenye dawati, pale mwalimu alipomwigiza mtoto fulani na darasa zima likaangua kicheko. Shule zetu nyingi ziliwahi kuwa na kipande cha ubao au bati alichovikwa mtoto aliyepatikana akisema lugha ya mama, naye alitakiwa amvizie mwenziwe amkabidhi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra. Kipande kile kilimfunza mtoto kumsikiliza mwenziwe kwa nia moja tu, ya kumnasa.

Sasa naomba niseme jambo kama mwanaisimu, maana kicheko kingi hutokana na kutojua. Waduruma hujiita Aduruma, na lugha yao huiita Chiduruma. Wadigo vilevile ni Adigo, na lugha yao ni Chidigo. Mtoto yule hakuwa akikosea ovyo. Alikuwa akifuata kanuni ya lugha yake bila kuivunja hata mara moja. Kiswahili chetu sanifu nacho tukikichunguza, tutakuta tunasema 'kitu changu', ilhali kiambishi ni kile kile kimoja: mara hii ki-, mara hii ch-. Mduruma akisema 'chitu changu' ametumia ch- kotekote, na huenda mtu asiye na upendeleo akasema kwamba yeye ndiye mwenye utaratibu zaidi. Aidha sisi tunasema 'mtu', ilhali Wamijikenda husema 'mutu' na kuihifadhi irabu ambayo Kiswahili sanifu kimeimeza. Lugha hizi ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna ndugu anayepaswa kumcheka mwenziwe kwa sababu ya sura aliyorithi kwa mama yao.

Isitoshe, usanifu wenyewe una tarehe. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa 1930 ili kuisimamia kazi hiyo. Ulikuwa uamuzi wenye manufaa makubwa. Bila ya huo pengine makala haya yasingesomeka Kisumu na Mbeya vilevile. Lakini ulikuwa uamuzi wa wanadamu mezani, haukushuka na Musa kutoka mlimani. Hata mpaka wa Lunga Lunga ni hivyo hivyo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya kuuanzisha mstari wao kwenye mlango wa Mto Umba, na Wadigo wakajikuta wamegawanyika, hawa huku na hawa kule. Mstari ulipita, lakini bibi wa Horohoro na mjukuu wake wa Lunga Lunga waliendelea kusalimiana kwa lugha ile ile.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lau ningelikumbuka siku ile ningefunga kinywa changu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye akafanya makao Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Mwaka 1848 tafsiri yake ya Injili ya Luka ilichapishwa huko Bombay, nchini India. Haikuwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kwa lugha ya Warabai, watu wa jamii ile ile ya Mijikenda. Basi kisa cha Msamaria mwema kilipigwa chapa kwa lugha iliyo ndugu wa damu na Kiduruma kabla Injili yoyote ya Kiswahili haijapigwa chapa. Mtoto niliyemsimamisha uani alikuwa na haki ya kitabu kile kabla yangu mimi na usanifu wangu.

Mfano wa pili wa lafudhi katika Biblia ni wa Mtume Petro. Usiku ule Bwana wake alipokamatwa, Petro alisimama uani kwa Kuhani Mkuu. Waliokuwapo walimtambua kwa usemi wake kuwa ni mtu wa Galilaya. Lafudhi ilimfichua, naye akaapa kwamba hamjui Yesu. Wengi wetu tumelisikia hilo. Wachache huendelea hadi Matendo ya Mitume, mlango wa pili, siku 50 baada ya Pasaka. Hapo Roho aliwashukia wanafunzi, na umati uliotoka nchi nyingi ukashangaa kila mtu akisikia lugha yake ya kuzaliwa. Swali lao la kwanza lilikuwa: hawa wasemao si Wagalilaya? Kwa hiyo usemi ule bado ulitambulika! Petro akasimama mbele ya watu wa mji ule ule akahubiri, na watu wapatao 3,000 wakaongezeka siku hiyo.

Mungu hakumbadilishia Petro lafudhi. Alimwondolea hofu. Na umati haukuamriwa ujifunze kwanza lugha moja ndipo uhesabiwe kuwa umesikia. Habari njema iliwafuata watu katika lugha walizonyonya kwa mama zao. Huo ndio ukuaji wa kiroho ninaouona katika jambo hili, nao una pande mbili. Mwenye kusema hukua anapoacha kuionea haya sauti aliyopewa, na mwenye kusikia hukua anapoacha kuifanya sauti hiyo kuwa mlango wa kumfungia mwenziwe nje.

Najua mwalimu wa Kiswahili atakayesoma haya ataniuliza: je, tuache kusahihisha? Mtahini hatatoa alama kwa 'atu' na 'chitu'. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaipuuza. Kumnyima mtoto wa Lunga Lunga Kiswahili sanifu ni kumfungia milango mingi ya maisha, na huko nako ni kumdhulumu. Tusahihishe, tena kwa bidii. Lakini kusahihisha na kufedhehesha ni mambo mawili. Fundi seremala hulipiga randa ubao apate meza, hautemei mate.

Basi nina maombi machache. Mwalimu na ajifunze kwanza kanuni mbili tatu za lugha ya watoto anaowafundisha, ili aweze kumwambia mtoto: 'Nyumbani mnasema hivi, na katika Kiswahili sanifu twasema hivi.' Sera ya elimu nchini, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, imetambua kuwa lugha ya eneo ifaa kutumiwa katika madarasa ya chini, na Katiba ya 2010 inaitaka serikali iendeleze na kulinda wingi wa lugha za Wakenya. Kinachopungua ni moyo wa kutenda. Pili, kosa na lisahihishwe daftarini au faraghani, na mtoto asomapo mbele ya watu aachwe amalize. Tatu, kabla ya kumwambia alivyokosea, mwalimu na amwambie kwanza alichokisema. Hilo litamlazimu awe amemsikiliza.

Nanyi wanafunzi, hasa ninyi mliojaliwa kuzaliwa penye Kiswahili fasaha, msiuvae ufasaha huo kama taji. Hamkuufanyia kazi, mliukuta kitandani. Mnapomtungia mwenzenu jina la utani kwa ajili ya matamshi yake, mnasimama kivukoni pa Yordani, ijapokuwa mikononi mwenu hamna upanga.

Nilirudi Lunga Lunga miezi kadhaa baadaye. Mchungaji aliniambia kwamba tangu siku ile mvulana hajakubali kusoma tena kanisani. Habari hiyo iliniumiza, maana waliomcheka aliwasamehe upesi, lakini mwalimu aliyemsahihisha alimwamini. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi mbele ya bibi yake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Nikamsihi anifunze kuisoma aya moja ya somo lile kwa Chiduruma. Ipo sauti moja katika lugha ile, huandikwa 'ph', nayo hupitishwa taratibu baina ya midomo miwili. Nimeieleza sauti hiyo ubaoni mara nyingi, na kuichora. Nilipojaribu kuitamka, mtoto yule alicheka hadi akaketi chini. Alinitaka nirudie mara tatu. Nilirudia.

Hakuniahidi kwamba atasoma tena, nami sikumuuliza. Bibi alituletea chai, akamwambia mjukuu wake amwache mgeni anywe. Tukaketi watatu uani, nikamwomba anisimulie habari za yule Msamaria kwa maneno yake mwenyewe. Safari hii nilinyamaza, nikasikiliza hadi mwisho.